Mguu wa Mpiga Solo

Msomaji, ikiwa umekulia pwani yetu, bila shaka umepata kukaa katika arusi ya usiku ukamsikiliza mwimbaji wa taarab, na katikati ya ubeti ukaona midomo yake inacheza lakini maneno huyasikii. Gitaa limepanda ghafla kama wimbi, limemfunika, na baada ya nukta chache limeshuka tena na kumwachia nafasi. Lakini neno alilolikusudia limekwisha kupita. Waalikwa husema mwimbaji kachoka, au kipaza sauti ni kibovu. Mimi kila nikikutwa na jambo hilo hutazama chini, penye miguu ya mpiga gitaa la solo, kwa kuwa najua kwamba mara nyingi kosa limeanzia pale. Na nyuma ya mguu ule yuko fundi. Usiku mmoja wa mwaka 1981, mtaa wa Ngamiani, fundi huyo nilikuwa mimi.

Nataka kulieleza jambo lile lilivyotokea, lakini siwezi kulieleza bila ya kurudi nyuma, maana kikanyagio cha gitaa hakikuzuka Tanga kama uyoga. Kilikuja mwisho wa safari ndefu, na katika kila kituo cha safari hiyo watu waliulizana swali lilelile: nani apungue ili nani asikike?

Taarab ilipokuwa changa huko Unguja, zama za Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na hata baadaye Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905, swali hilo lilijibiwa kwa viti. Ala zilikuwa za mbao, ngozi na nyuzi. Udi ulikuwa na nguvu zake, kanuni ilikuwa na zake, fidla nayo vivyo hivyo, na hakuna aliyeweza kuizidishia ala yake nguvu kwa kuzungusha kitu. Aliyetakiwa kusikika alisogea mbele, na aliyetakiwa kupungua alikaa nyuma. Mwimbaji alipoanza ubeti, wapigaji walilegeza mikono. Alipomaliza, wakaikaza tena. Ilikuwa adabu ileile ya barazani: mwenye neno anaposema, wengine hunyamaza au hunong'ona. Na katika taarab neno ndilo lililowaleta watu. Tuni ni chombo tu cha kulipakia.

Tanga ulikuwa mji wa namna nyingine. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 uliugeuza mkoa mzima kuwa shamba, na mashamba yakavuta watu kutoka kila pembe ya Tanganyika na nje yake. Watu hao walikuja na ngoma zao, na baada ya muda wakawa na mabendi ya dansi. Jamhuri Jazz, iliyovuma sana katika miaka ya 1960, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina lenyewe linakueleza waasisi wake walitoka wapi. Mshindani wake mkubwa alikuwa Atomic Jazz. Ni katika Jamhuri Jazz ambamo ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walianza kazi yao kabla ya kuhamia Arusha mwaka 1970, na kisha Kenya mwaka 1971 walikounda Simba Wanyika. Wapenzi wengi wa Simba Wanyika walidhani magitaa yale ni mali ya Nairobi. Sisi tulijua yalikotoka.

Pamoja na watu palikuja umeme. Maporomoko ya Pangani yalianza kuzalisha umeme katika miaka ya 1930, na mwaka 1964 kituo cha Hale kikaongeza megawati 21. Nautaja umeme kwa sababu bila ya huo gitaa lingebaki kuwa ala ya chumbani. Gitaa la kawaida haliwezi kushindana na ngoma wala tarumbeta. Likitiwa sumaku na koili chini ya nyuzi na kuunganishwa na amplifaya, linaweza kumshinda kila mtu aliyemo ukumbini.

Jambo lililoufanya mji wetu uwe na sura ya peke yake ni kwamba wana taarab wa Tanga hawakuliogopa gitaa hilo. Walikuwa wakikaa mitaa ileile na watu wa dansi, wakati mwingine nyumba moja. Black Star Musical Club, na baada yake Lucky Star iliyotoka ubavuni mwake, waliziweka kando kanuni na fidla, wakachukua magitaa ya umeme, besi, kinanda na ngoma ndogo ndogo. Santuri zao zilifika Mombasa, na Burundi pia. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya nyimbo zao katika albamu iitwayo Nyota. Ukizisikiliza leo, msikilize Bi Shakila Saidi, ambaye alifariki mwaka 2016. Sauti yake iko mbele, wazi, kila silabi imesimama peke yake. Magitaa yako nyuma yake kama maji ya kina kifupi yanayopita juu ya mchanga: unayaona, lakini hayakufichi unyayo.

Wengi hudhani hiyo ni kazi ya mitambo. Siyo, au si hasa. Katika miaka hiyo, iwe Redio Tanzania Dar es Salaam au kwa wenye santuri wa Kenya, kundi zima lilipiga kwa pamoja mara moja, bila ya kurekodi kipande kimoja kimoja kama ilivyo siku hizi. Kilichoharibika hakikuweza kupunguzwa baadaye. Kwa hiyo kazi ya kupima sauti ilifanywa na wapigaji wenyewe kwa mkono wa kulia, yule anayekwaruza nyuzi, na kwa kidole kidogo kilichoweza kufikia volyumu iliyoko kwenye gitaa lenyewe. Mpiga solo mzuri wa Tanga alipunguza sauti kwa kidole hicho mwimbaji alipofungua kinywa, na hukumwona akifanya hivyo. Arusini pia ilikuwa hivyo. Mara nyingi magitaa mawili yalichomekwa katika amplifaya moja, na pengine kipaza sauti cha mwimbaji kiliingia humo humo. Watu watatu walikula sahani moja. Mwenye mkono mrefu aliwajibika kuwa na haya.

Halafu kikaja kikanyagio.

Huko Marekani vidude hivi vilianza kuuzwa madukani katika miaka ya 1960. Mwaka 1962 ilitoka Maestro Fuzz-Tone, kisanduku kilichoikwaruza sauti ya gitaa ikawa kama spika iliyochanika. Mwaka 1966, California, fundi kijana aitwaye Brad Plunkett, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Thomas Organ, alitakiwa atafute njia ya kubadilisha swichi moja ya amplifaya za Vox iliyokuwa ghali. Akaweka mahali pake kitu cha kuzungusha, na alipokizungusha sauti ikalia kama mtoto anayefungua na kufumba mdomo. Wenzake wakakitia ndani ya kikanyagio cha kinanda, kile ambacho mpigaji hutumia kuongeza na kupunguza sauti kwa mguu. Ndiyo ikazaliwa ile tuliyoiita wawa. Hujambo la kuchekesha hilo? Kitu kilichokuja kutusumbua kwa kuvuruga kiwango cha sauti kiliwekwa ndani ya gamba la kifaa cha kupimia kiwango cha sauti.

Mabendi ya dansi ya Afrika Mashariki yaliipenda wawa katika miaka ya 1970. Kwetu haikuwa rahisi kuipata. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwezi Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Kabla ya hapo mtu aliweza kwenda Mombasa asubuhi akarudi na nyuzi za gitaa; baada ya hapo alisubiri baharia. Kila kikanyagio kilichoingia Tanga kilikuwa kimoja na cha pekee, hakina mwenzake, hakina karatasi ya maelezo, na kilipoharibika kilipelekwa kwa fundi redio kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine.

Mimi nilijifunza kazi kwenye kibanda kimoja cha Ngamiani, chini ya mzee ambaye alikuwa na kopo la maziwa lililojaa transista kuukuu. Alizitoa katika redio zilizokufa: OC71, OC44, AC128. Nilipoanza kufungua vikanyagio nilishangaa kukuta jamaa zao wa karibu humo ndani. Vile vya kukwaruza vya miaka ya mwanzo vilitumia transista za jamani hizo hizo, za madini ya gerimani, zilizosukuma spika za redio za mezani. Basi kuvitengeneza hakukuwa uchawi. Jambo gumu lilikuwa lile lalamiko ambalo kila mpigaji alilileta kwa maneno yaleyale: "Fundi, nikikanyaga, sauti inaondoka." Au kinyume chake: "Nikikanyaga, inapiga kelele."

Sababu zake ni nyingi, na mzee wangu alinifundisha nizitafute kwa mpangilio wa umaskini: anza na kile ambacho mwenye mali amekosa fedha ya kununua. Kwanza ni mawe. Kikanyagio hutaka volti 9. Betri ndogo ya mraba ya volti 9 haikupatikana, kwa hiyo tuliunga mawe sita ya tochi ya volti moja na nusu kila moja, tukayafunga kwa mpira wa baiskeli. Yalipochoka watu waliyaanika juani kama dagaa. Mawe ya kuanikwa huamka, lakini huamka na usingizi: ukipima unakuta volti 6 mahali pa 9, na sauti ya kikanyagio hupungua au hukatikakatika.

Pili ni joto. Transista ya gerimani huvuja umeme, na kadiri joto linavyopanda ndivyo uvujaji unavyozidi. Ongezeko la kama nyuzi kumi za Selsiasi huweza kuuzidisha mara mbili. Kikanyagio kilichopimwa Ulaya, penye ubaridi, kikifika Tanga mwezi wa Februari hakijitambui. Mpigaji mmoja aliniapia kwamba kisanduku chake kimerogwa, kwa sababu mchana kwenye mazoezi kilinong'ona, na usiku wa manane kilinguruma. Nikakitia kwenye mtungi wa maji, ndani ya mfuko wa plastiki, mbele ya macho yake. Baada ya dakika chache kikanguruma mchana kweupe. Nilimbadilishia rezista mbili na kumwambia asikiweke tena juu ya amplifaya, maana amplifaya za taa hutoa joto kama tanuri.

Tatu ni kunyonya, na hapa ndipo ilipoanza kazi iliyonitia aibu. Gitaa hutoa umeme dhaifu sana, sehemu ndogo ya volti moja. Amplifaya ya taa hulipokea kwa upole: mlangoni mwake kuna kadiri ya ohm milioni moja, kwa hiyo hainyonyi kitu. Wawa za zamani zilikuwa na mlango wa ohm laki moja hivi au pungufu, nazo hunyonya. Ubaya zaidi, swichi zake zilikuwa za njia moja. Ulipoizima, ulikata upande wa kutokea tu. Upande wa kuingilia ulibaki umeshikamana na gitaa, ukiendelea kunyonya kama kupe. Kwa hiyo gitaa lilififia hata wawa ikiwa imezimwa. Mpigaji akaona gitaa limefifia, akaongeza amplifaya. Alipokanyaga, ikapiga kelele. Alipoachia, ikazama. Akaniletea.

Aliyeniletea alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi, kijana mwenye vidole vyepesi, ambaye kundi moja la taarab lilimkodi kwa arusi za Jumamosi. Sitalitaja kundi hilo. Alitaka jambo moja tu: akikanyaga na akiachia, ukubwa wa sauti uwe sawa.

Nilifurahi, maana niliiona kazi ya kunionyesha kuwa fundi kweli. Nikaweka mlangoni transista moja ya silikoni, BC109, pamoja na rezista kadhaa, ili gitaa likutane na kitu kisichonyonya. Ufifiaji ukaisha. Kisha nikataka kusawazisha. Kibandani tulikuwa na chombo cha kurekebishia redio, kinachotoa mlio mmoja wa mitetemo 400 kwa sekunde. Nikaingiza mlio huo, nikapima kwa mita upande wa kutokea, wawa ikiwa imezimwa. Nikaandika. Nikaiwasha, nikaibonyeza kidole chini kabisa, kwa kuwa yule kijana aliniambia ndipo anapopenda kuiacha. Mita ikashuka sana. Nikasema: kumbe inapunguza! Nikapunguza thamani ya rezista moja iliyoko kwenye emita ya transista ya kwanza, nguvu ikapanda, nikaendelea hadi sindano ya mita ikasimama palepale iliposimama mwanzo. Sawa kwa sawa. Nikafunga skrubu. Nilimtoza kidogo, kwa furaha.

Msomaji aliyewahi kushika kazi hizi amekwisha kuona nilipokosea. Asiyeishika nitamweleza. Wawa haiongezi sauti yote kwa pamoja. Huchagua kipande kimoja cha sauti na kukiinua, na mguu ndio unaochagua kipande gani. Kisigino kikiwa chini, hukiinua kipande cha chini, penye mitetemo kama 400. Vidole vikiwa chini, hukiinua kile cha juu, penye kama 2,000, na huko chini kwenye 400 huacha unyonge. Mimi nilipima unyonge nikaufidia. Sikuona kwamba nikiunyanyua ule unyonge wa 400 ufikie usawa, basi kile kilele cha 2,000 nimekipeleka mbinguni. Mita yangu ilisema kweli. Niliiuliza swali lisilo lake.

Na huko kwenye 2,000 na zaidi kidogo ndiko linakokaa sikio la mwanadamu. Watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipima jambo hili mwaka 1933: sauti mbili zenye nguvu sawa hazisikiki sawa, na sikio letu huzisikia kwa wepesi zaidi zile za mitetemo elfu mbili hadi elfu tano hivi. Tena ndiko zinakokaa konsonanti. Irabu ya mwimbaji hukaa chini na hubeba tuni, lakini ile t, ile s, ile k, ile ch, inayotofautisha neno na neno, hukaa juu. Ukimfunika mwimbaji huko juu, watu wataendelea kuisikia sauti yake tamu, ila hawatajua amesema nini.

Arusi ilikuwa Barabara ya Kumi na kitu, uani, chini ya maturubai. Nilialikwa kwa heshima ya fundi, nikapewa kiti. Mwimbaji alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Mkinga, mwenye sauti isiyokuwa kubwa lakini iliyonyooka. Wimbo ule ulikuwa umeagizwa. Wasiozijua arusi zetu niwaeleze kwamba mwanamke mwenye jambo moyoni hamwendei hasimu wake kumwambia. Huuagiza wimbo, na lile fumbo linapofika huinuka taratibu, noti mkononi, akaenda kumtuza mwimbaji huku anayehusika anamwona. Ni barua ya wazi isiyo na anwani. Mama mmoja aliyekuwa ameonewa katika jambo la nyumba yake, naye watu wote walilijua, alikuwa amekaa safu ya pili akisubiri ubeti wa tatu. Khanga yake mpya ilikuwa bado inanuka duka.

Ubeti wa tatu ulifika. Mwimbaji alikunjua mkono kuelekea kwa watu. Kijana wangu, ambaye alijua kwamba hapa ndipo penye utamu, akakanyaga.

Sikupata kusikia kitu kama kile. Gitaa lilikata hewa kama msumeno wa mabati. Lile neno lilizama, nikaona tu meno ya mwimbaji. Yule mama wa safu ya pili alikuwa amekwisha kuinuka nusu, noti mkononi. Akasimama vile vile, akasubiri, akatazama huku na huku. Waliomzunguka hawakuelewa ameinukia nini. Akakaa. Aliyekusudiwa, upande wa pili, alikuwa akicheka na jirani yake juu ya jambo jingine kabisa.

Mapumziko yalipofika niliitwa nyuma ya maturubai. Mwimbaji alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakunywa kahawa ya tangawizi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa kile kidude?"

"Ndimi, mama."

"Mwanangu, mimi nimeimba na udi, nimeimba na akodiani, nimeimba na matarumbeta ya dansi. Hakuna aliyenimeza. Leo nimetoka kwetu kuja kusema neno moja, na hilo moja limemezwa na mguu."

Nilijaribu kumweleza habari ya mita. Nilisema sauti zimepimwa, ziko sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na jambo hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Kisha akaniuliza: "Ulipopima, nani alikuwa anaimba?"

Kundi lile lilirudisha sehemu ya malipo kwa yule mama aliyeagiza wimbo. Kijana alitaka tugawane hasara, nikagawana naye. Lakini pesa si kitu. Lile fumbo halikupata kuimbwa tena mbele ya watu wale. Arusi haina marudio.

Siku ya tatu yake nilikwenda kwenye mazoezi, na chuma changu cha kulehemu, na mkaa wa kukipasha kwa kuwa nyumba ile haikuwa na umeme wa kutosha. Nikairudishia wawa rezista yake ya asili. Kisha upande wa kutokea nikaweka mgawanyo mdogo: rezista moja iliyosimama, na moja ya kuzungushwa kwa bisibisi, ndogo kama punje ya mahindi. Ni ufundi wa kitoto. Rezista mbili zilizo sawa hukata volti nusu; ukizungusha unakata zaidi au kidogo. Uzuri wake ni kwamba hausikilizi mita, unamsikiliza anayeshika bisibisi.

Nikamwomba mwimbaji aimbe ule ubeti wa tatu. Nikamweka mtu mlangoni, hatua kama ishirini, mpishi wa pilau asiyejua muziki, nikamwambia ayarudie maneno anayoyasikia. Kijana akakanyaga, kidole chini. Mpishi akasema: "Sikupata." Nikazungusha. "Sikupata." Nikazungusha. Mara ya tano au ya sita akayasema maneno yote, mpaka lile la mwisho, tena akacheka kwa kuwa alilielewa fumbo. Hapo nikaacha. Nilipoirudisha kibandani na kuipima kwa mita yangu ya mitetemo 400, sindano ilionyesha kwamba wawa ikiwashwa sauti inashuka chini ya nusu. Kwa mita, kilikuwa kifaa kibovu. Kijana naye alinung'unika kwamba akipiga peke yake kati ya ubeti na ubeti haridhiki. Nikamwambia kidole chake kidogo kipo, na volyumu ya gitaa ipo. Mwimbaji akinyamaza, aongeze.

Nikaziba ile rezista ya kuzungushwa kwa tone la rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili asiichokonoe.

Tangu hapo kazi za namna hiyo nilizifanya nyingi, za dansi na za taarab, na kila mara nilidai kuwepo mtu wa kuimba. Wapigaji walinicheka. Baadaye, katika miaka ya 1990, vinanda vya umeme vilikuja kwa wingi na taarab mpya ikaviegemea, na gitaa likasogezwa pembeni. Matatizo ya viwango hayakuisha. Kinanda hutoa umeme mwingi kuliko gitaa, na ukivichomeka pamoja kinanda hula kila kitu. Lakini sasa palikuwa na fundi mitambo aliyekaa nyuma na meza yake ya kuchanganyia sauti, na lawama zikahamia kwake. Sikumwonea wivu.

Miaka michache iliyopita alikuja kijana kibandani, amevaa vizuri, amebeba mfuko. Alikuwa mjukuu wa yule mpiga solo. Babu amefariki, akasema, na kati ya vitu vyake wamekuta hiki. Akaitoa wawa. Mpira wa juu ulikuwa umekwisha, gamba limeshika kutu ya chumvi, lakini alipoichomeka ililia.

"Shikamoo, mzee. Inafanya kazi, ila ina kasoro," akasema. "Nikiikanyaga, sauti inashuka. Nimeipima kwa kompyuta, inashuka sana. Naomba uisawazishe."

Nikamjibu marahaba, nikaifungua. Lile tone jekundu lilikuwa mahali pake, limepauka kidogo. Nikamuuliza, "Unapopiga, nani anaimba?"

"Hakuna, mzee. Napiga peke yangu chumbani. Na visikilizio masikioni, nisiwasumbue watu."

Nikachukua kisu kidogo, nikaanza kuikwangua ile rangi.